Kiangazi pembezoni mwa Lubumbashi: ulime ukanda, uchome mapema, upande bustani au urekebishe nyumba?

Tangu mvua ya mwisho ya mwezi wa nne, watu wa mtaa wetu upande wa Kasapa wanaulizana jambo moja wakikutana kisimani: mwaka huu majani utayafanyaje? Huyu atalima kuzunguka parseli, yaani kiwanja chake. Yule anataka kuchoma mapema, kabla mwindaji hajamchomea. Mwingine amesikia kwamba bustani ya mboga inazuia moto. Na wapo wanaosema waziwazi kwamba nyumba ya matofali na mabati haiungui, basi jasho lote hilo la nini.

Mimi nilikuwa katika kundi hilo la mwisho. Miaka michache iliyopita, mwezi wa tisa, saa nane mchana, moto ulitoka porini ukapita kando ya lupango wetu (parseli yetu). Ulipita haraka, hata maji ya bukari (ugali) yasingekuwa yamechemka. Nyumba haikuguswa na mwali hata mmoja. Tulikuwa bado tunamshukuru Mungu mlangoni wakati payoti, kile kibanda cha nyasi cha kupumzikia uani, lilipoanza kutoa moshi. Cheche moja ilikuwa imeingia ndani ya nyasi za paa lake. Kutoka payoti moto ukahamia kwenye mifuko sita ya makala (makaa ya kupikia) tuliyokuwa tumeiegemeza ukuta wa jikoni, na kutoka hapo ukapanda mlango, dirisha na mbao za paa la upande ule. Matofali yalibaki yamesimama, kweli. Jiko hatukuwa nalo tena.

Kwa hiyo naandika kwa ajili ya yeyote aliye na mikono miwili, pesa kidogo na miezi michache, naye anasitasita kati ya njia hizi nne. Nimezitumia zote, au nimewasaidia majirani kuzitumia.

Jinsi moto wa pori unavyochukua nyumba

Mji wetu uko ndani ya pori la miombo, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu haipo kabisa, na majani yaliyokuwa yamezidi kimo cha mtu hukauka yakiwa yamesimama. Picha za setilaiti zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani iko Afrika, na ukanda wetu, kutoka Angola kupita Katanga hadi Zambia, ni kati ya ile inayowaka sana. Radi haihusiki hapa, maana wakati huo haipigi. Wanaowasha ni watu: mchoma makala aliyeacha tanuru lake bila mlinzi, mpiga matofali, mwindaji wa simbiliki (panya mkubwa wa porini), mkulima anayesafisha shamba.

Moto ukikaribia nyumba una njia tatu za kuingia. Ya kwanza ni mwali wenyewe, unaotambaa kwenye majani mpaka ufike ukutani. Ya pili ni joto linalopiga kutoka mbali kidogo, kama lile unalolihisi usoni ukisimama mbele ya tanuru. Ya tatu ni cheche. Hizo zinabebwa na upepo, zinavuka barabara, zinavuka ukuta, na zinaweza kukaa dakika nyingi ndani ya kitu kikavu kabla hujaona chochote.

Watu wengi huogopa joto kuliko yote, nami nilikuwa hivyo. Lakini kati ya 1997 na 2000 watafiti walichoma msitu makusudi katika eneo la Northwest Territories huko Kanada, wakasimamisha kuta za mbao mbele ya moto mkubwa uliokuwa umepanda mpaka vileleni mwa miti. Kuta zilizokuwa mita 10 kutoka msituni, baadhi zilishika moto. Zilizokuwa mita 20 hazikushika. Na hiyo ni mbao, mbele ya moto wa miti mirefu! Majani yetu yanawaka kwa ukali, lakini mahali pamoja yanamalizika ndani ya sekunde chache. Mtafiti wa Marekani Jack Cohen, aliyefanya kazi hiyo, alitumia miaka mingi kueleza kwamba nyumba huokolewa au hupotea kwa yale yaliyo ndani ya mita 30 kuizunguka, na nyumba yenyewe. Washauri wa Marekani sasa hugawa eneo hilo mara tatu: mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani, kisha hadi mita 9, kisha hadi 30. Ile mita moja na nusu ndiyo iliyotushinda sisi na mifuko yetu ya makala.

Nitakavyozilinganisha

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. *Mwezi wake*, maana kazi iliyo ya busara Mei inaweza kuwa hatari Agosti. *Inazuia nini* kati ya mwali, joto na cheche. *Jasho na pesa*. *Jirani*, kwa sababu moto hausomi vigingi vya mpaka, na ugomvi wa mpaka katika Annexe, komini yetu ya pembezoni mwa mji, hauhitaji sababu nyingine. Mwisho, *inamfaa nani*.

1. Kulima ukanda mtupu

*Mwezi wake.* Mei na Juni, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Ukingoja Agosti, jembe linarudi juu kama umelipiga barabara. Na kazi haiishi siku hiyo: miti ya miombo huangusha majani yake kuanzia Julai, kwa hiyo ukanda uliokuwa safi mwezi wa sita unaukuta umefunikwa mwezi wa nane. Lazima upite tena na reki.

*Inazuia nini.* Unakata njia ya mwali, na ukiwa mpana unapunguza joto. Cheche hauzizuii. Upana unategemea kimo cha majani yaliyo ng'ambo. Majani ya magotini, mita 3 zinaweza kutosha. Majani yaliyokuzidi kimo, mimi singelala usingizi kwa ukanda ulio chini ya mita 8 au 10 upande wa mashariki na kusini-mashariki, kwa sababu upepo wa kiangazi kwetu hutokea huko. Ukiwa na nguvu za upande mmoja tu, anza na huo. Kama parseli yako iko juu ya mteremko, upande wa bondeni nao uhesabu kati ya ile ya hatari, maana moto hupanda kwa kasi kuliko unavyoshuka.

*Jasho na pesa.* Pesa kidogo, jasho jingi. Parseli yetu ilinichukua mimi na vijana wawili siku nne. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kukata majani vizuri kisha kuyarundika pembeni mwa ukanda, au kibaya zaidi chini ya ukuta, yakauke huko. Hapo umejitengenezea kuni. Yatoe, yafukie shimoni au yaingize kwenye mboji.

Kuna pia kufyeka bila kulima: unakata majani mpaka yabaki kimo cha vidole vinne, mizizi unaiacha. Moto unaweza kutambaa humo, lakini unatambaa chini chini, na mtu mwenye tawi bichi anauua. Kwenye ardhi yenye mteremko napenda hivyo kuliko kulima, kwa sababu udongo uliolimwa wote huondoka na mvua za kwanza za Novemba. Karibu na nyumba lima mpaka udongo uonekane, na mbali fyeka tu.

*Jirani.* Hapa ndipo penye shida. Ukanda wa mita 10 hauingii ndani ya parseli nyingi, na parseli ya pembeni mara nyingi ni ya mtu anayeishi mjini, aliyeinunua akaiacha. Majani yake yamemzidi kimo yeye mwenyewe na yeye hayuko. Usiingie na jembe bila neno lake, hata kama nia ni njema. Kulima kwenye ardhi ya mtu kunasomeka kama kuidai. Mpigie simu, au mpitie shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), ueleze kwamba unafyeka tu na hutapanda kitu. Mimi nilijibiwa, "Mama, fyeka yote, na Mungu akubariki." Si wote watakaojibu hivyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye vijana nyumbani, mwenye parseli pana au jirani anayesikia, na asiyetaka kabisa kugusa kiberiti. Haimfai mzee anayekaa peke yake, isipokuwa alipe kibarua, na akumbuke kumlipa tena Agosti.

2. Kuchoma mapema

Njia hii ndiyo inayogombanisha watu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

*Mwezi wake.* Katikati ya Mei hadi mwanzo wa Julai, basi. Wakati huo majani yamekauka nusu, usiku ni baridi, umande wa asubuhi unalowesha suruali mpaka magotini. Moto unaowashwa jioni unatembea taratibu, unaacha mabaka, na mara nyingi usiku unaufisha wenyewe. Moto huo huo ukiwashwa mwisho wa Agosti ni mnyama mwingine: majani yamekauka mpaka mizizi, upepo umeamka, na hakuna umande wa kukusaidia.

Ng'ambo ya mpaka, Ndola nchini Zambia, wataalamu wa misitu walianza jaribio mwaka 1933. Waligawa miombo vipande. Vingine vilichomwa mapema kila mwaka, vingine mwisho wa kiangazi, vingine havikuchomwa kabisa. Vile vya kuchomwa kwa kuchelewa vilipoteza miti yake vikawa majani matupu. Vya kuchomwa mapema vilibaki na miti. Visivyoguswa vilisonga vikawa pori zito. Nimelifikiria sana jambo hili nikiangalia pembezoni mwa mji wetu. Moto wa mwezi wa tisa unaua miti michanga, jua linafika chini, majani yanaota marefu zaidi, na mwaka unaofuata kuna kuni nyingi kwa moto mwingine wa mwezi wa tisa. Anayechoma mapema anakata mzunguko huo. Anayechoma kwa kuchelewa anaulisha.

*Inazuia nini.* Ukichoma vizuri, unaondoa chakula chote cha moto kwenye eneo kubwa, kwa hiyo unapunguza mwali, joto na hata cheche, kwa kuwa hakuna kinachowaka karibu cha kuzirusha. Kati ya njia zote nne, hii peke yake inafika mbali kuliko mita 30 bila kukuua kwa kazi. Lakini majani yatakayoanguka Julai na Agosti yataweka zulia jipya, hivyo moto wa pili, mdogo, bado unawezekana.

*Jasho na pesa.* Pesa karibu hakuna. Jasho ni la siku moja au mbili, ila linataka watu: chini ya watano mimi siwashi. Kwanza mnasafisha mstari upande wa nyumba, mita 2 au 3, mpaka udongo. Mnangoja jioni, upepo ukilala. Mnawasha kwenye mstari huo, upande ambao upepo unaelekea, ili moto utembee kinyume cha upepo, polepole, ukiacha nyuma yake eneo lililokwisha kuungua. Kila mtu ana tawi bichi au gunia lililoloweshwa, na bidoni za maji ziko tayari kabla ya kiberiti, siyo baada. Kisha kazi inayosahaulika: visiki, magogo na vichuguu. Gogo linaweza kufuka siku kadhaa ndani kwa ndani, kisha upepo wa siku ya tatu ukaliamsha. Kesho yake asubuhi rudi, weka mkono karibu na kila kisiki, na kinachotoa joto kimwagie maji ukifukie.

*Jirani.* Moto ukikuponyoka, ni wako. Ukichoma muhogo wa mtu, mzinga wa mtu au payoti la mtu, utalipa, na hata ukilipa utakaa naye mtaa mmoja. Sheria ya misitu ya nchi yetu ya Kongo, ile ya 29 Agosti 2002, nayo inagusa habari ya moto wa pori. Kuwasha bila kumjulisha mkubwa wa eneo ni kujitafutia kesi. Mwambie shefu, waambie majirani siku na saa, na kama kuna mtoto mwenye pumu katika nyumba ya karibu, mama yake ajue mapema ampeleke kwingine jioni hiyo. Moshi unaoingia chumbani kwa mtoto wa namna hiyo si jambo dogo.

*Inamfaa nani.* Mwenye pori halisi nyuma ya nyumba, siyo majani ya uwanja mmoja. Kikundi cha majirani wanaoelewana. Vijiji vya kando ya barabara ya Kipushi au Kinsevere ambako wazee wanajua kusoma upepo. Haifai kabisa katikati ya parseli zilizobanana, wala kwa mtu aliye peke yake, wala kwa yeyote anayesoma haya mwezi wa nane.

3. Bustani ya kijani kuzunguka nyumba

*Mwezi wake.* Kupanda ni Aprili na Mei ili mimea iwe imeshika kabla ya baridi ya Juni. Ukiwa na kisima kisichokauka, unaweza kuanza hata Julai.

*Inazuia nini.* Jani lenye maji haliwaki mpaka maji hayo yatoke, na moto wa majani unapita haraka mno kuweza kuyatoa. Kitanda cha lengalenga (mchicha) au matembele kilichomwagiliwa ni ukuta mzuri wa chini. Migomba inasimamisha joto na hata kunasa cheche zinazoruka chini chini, lakini tu ukiivua yale majani makavu yanayoning'inia. Usipoivua, umesimamisha mienge. Muhogo uliopaliliwa vizuri husaidia zaidi kwa udongo wake mtupu kuliko kwa majani yake.

Sasa, mahindi. Watu wengi wana mahindi mpaka kwenye ukuta wa nyumba, wanavuna mwezi wa tatu au wa nne, na mabua yanabaki yamesimama hadi msimu ujao. Wanaliita shamba, na wanadhani shamba ni kinga. Mabua makavu ya mahindi yanaupeleka moto nyumbani kama njia iliyofagiliwa. Yakate, yalaze chini, yafukie au yapeleke mbali. Vilevile ua wa matete: unazuia macho ya wapita njia, lakini ukishika upande mmoja unaleta moto mpaka mlangoni. Mikalitusi na mianzi karibu na nyumba ningeiepuka. Maganda na majani yake makavu yanaanguka mwaka mzima na yanawaka kwa furaha. Mwembe hauna ubaya, ila fagia chini yake.

*Jasho na pesa.* Mbegu si ghali, maji ndiyo yenye bei. Anayenunua bidoni au anayengoja bomba ambalo linatoka usiku wa manane mara mbili kwa juma, bustani ya kuzunguka nyumba yote itamshinda kufikia Agosti, yaani mwezi ule ule anaoihitaji. Bustani iliyokufa ni majani makavu. Ni heri kitanda kimoja cha mita 3 kinachonyweshwa upande wa upepo kuliko vinne vilivyokauka.

*Jirani.* Hapa hakuna ugomvi, isipokuwa mbuzi. Kwa kweli mbuzi wenyewe ni wafyekaji wazuri: wakifungwa kamba upande wa pori kuanzia Mei wanapunguza majani bila kulipwa.

*Inamfaa nani.* Wenye kisima au walio karibu na mto, kama vile bonde la Kafubu au Kisanga; akina mama wanaouza mboga, kwa kuwa kinga yao inawalipa; wenye parseli ndogo wasioweza kupata mita 10 tupu.

4. Kurekebisha nyumba yenyewe

*Mwezi wake.* Wowote. Njia hii pekee haijali kalenda.

*Inazuia nini.* Cheche, na ndiyo maana naiheshimu. Njia zile tatu zote zinaangalia nje. Hii inauliza kitakachotokea cheche ikishafika. Zunguka nyumba yako polepole. Kuna nini kimegusa ukuta? Mifuko ya makala, kuni, mbao za ujenzi uliokwama, matairi, godoro la zamani, chupa ya gesi, bidoni ya mafuta ya jenereta. Vyote hivyo viende mita 9 au zaidi kutoka ukutani. Angalia juu: kati ya ukuta na mabati kuna nafasi ambayo mtu anaingiza mkono, na ndani yake panya wameweka majani miaka mitano. Cheche ikiingia humo, mabati hayakusaidii kitu. Moto uko chini yake, kwenye mbao. Ziba nafasi hizo kwa udongo wa kichuguu uliokandwa, ule ule tunaopigia matofali, au kwa saruji. Matundu ya hewa usiyazibe, yawekee wavu wa chuma wenye vijitundu visivyozidi milimita 3. Wavu wa plastiki wa mbu unayeyuka.

Na paa la nyasi? Sitamwambia mtu aliyejengewa nyumba na baba yake kwamba abomoe. Lakini nyumba ya nyasi katika njia ya moto wa Septemba inaomba kitu kimoja tu, cheche. Kwa nyumba hiyo ukanda na bustani ni lazima, hata mabati yakinunuliwa kidogo kidogo. Payoti pia: liwe mbali na nyumba, mita 9 au zaidi, au upande ambao upepo wa kiangazi hautokei.

*Jasho na pesa.* Kuondoa vitu ukutani na kufagia ni Jumamosi moja, bila franki hata moja. Kuziba nafasi ni siku mbili tatu. Kubadilisha paa ni mradi wa mwaka au zaidi.

*Jirani.* Hahusiki, na kwa baadhi yetu hiyo ni sababu tosha. Mpangaji tu ndiye anayehitaji neno la mwenye nyumba kabla ya kugusa paa, ingawa hakuna mwenye nyumba atakayekataa uondoe makala ukutani.

*Inamfaa nani.* Walio katika mitaa iliyobanana ambako pori liko mbali lakini cheche zinafika, wapangaji, wazee, wanaosafiri mwezi wa nane na wa tisa. Haimtoshi mtu mwenye majani marefu mpaka dirishani, kwa sababu kioo hupasuka kwa joto na kila kitu kinaingia.

Kuhusu ukuta na maji

Wengi wameniuliza. Ukuta wa bloku kuzunguka parseli unasimamisha mwali na joto la majani vizuri sana, lakini cheche zinauruka, na bei yake inajulikana. Ukijenga kwa ajili ya wezi, furahi kwamba unasaidia na hapa pia. Maji ni ya kumalizia, hayafanyi kazi ya kinga. Bidoni kumi zilizojaa, koleo, magunia na matawi vinazima payoti linaloanza kufuka. Havizimi moto unaokuja na upepo kutoka porini.

Kwa hali yako

Kama ni Mei au Juni na nyuma yako kuna pori wazi, itisheni mkutano wa majirani, mpime kama mna watu watano mnaoaminiana. Mkiwa nao, kuchoma mapema kutawapa eneo kubwa kwa kazi ndogo. Mkikosa, pigeni ukanda kwa zamu, nyumba kwa nyumba, mkianzia upande wa mashariki.

Kama parseli yako ni ndogo na imezungukwa na parseli nyingine, nyumba yenyewe na kitanda kimoja cha mboga vitakufaa kuliko jembe. Umepakana na kiwanja cha mtu asiyeonekana, simu ya leo kwa shefu wa kartie ina thamani kuliko kazi ya siku nne ya mwezi ujao.

Kama wewe ni mpangaji, au una miaka sabini na mgongo unauma, fanya ile Jumamosi moja ya kufagia na kuondoa vitu, kisha mlipe kijana afyeke upande wa upepo. Nyumba ikiwa ya nyasi, usichague moja. Unganisha ukanda na bustani, na usiwashe chochote karibu nayo kwa jina la kuchoma mapema.

Kama jirani yako anachoma matofali au makala, ongea naye kabla hajawasha tanuru, siyo baada. Omba asafishe mita 5 kulizunguka na asiliache usiku bila mtu. Wengi wao wanakubali, kwa kuwa moto ukitoka, mbele ya yote wanapoteza kuni zao wenyewe.

Na kama unasoma haya mwezi wa tisa, moshi unaonekana upande wa mashariki na hukufanya lolote, acha jembe. Watoto na wazee waondoke kwanza, kwa njia isiyopita kwenye majani. Funga madirisha na milango. Vuta makala, gesi na godoro mbali na ukuta. Moto ukishapita, kama ni salama kurudi, rudi mara moja, maana saa hiyo ndiyo cheche zinafanya kazi yake kimya kimya. Ndoo ya kwanza mwagia payoti, ya pili chini ya ukingo wa mabati, kisha zunguka tena kila nusu saa mpaka usiku.